Shoka la Kogo

"Mama, leo hata radi ipige namna gani, shoka usiguse."

Kimeli alisema hayo akiwa mlangoni mwa jiko la mama yake, ndani ya suti ya kanisani, jasho likimtiririka shingoni ilhali ilikuwa bado asubuhi. Mama yake, ambaye boma zima lilimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Nani amekuambia itapiga?"

"Si unasikia hii joto, mama? Hii joto si ya bure."

Hapo Kimeli alisema kweli. Joto lilikuwa limekaa juu ya vilima vya Merigi tangu Krismasi ipite, na halikuonyesha dalili ya kuhama. Kila alasiri mawingu yalipanda kutoka tambarare za Mulot, yakajazana juu ya mashamba ya chai, yakanguruma kama walevi wanaotafuta ugomvi, kisha yakaenda zao bila kuacha tone. Majani ya chai yalianza kujikunja. Ng'ombe walishinda kivulini wakihema, na watu wazima wenye akili zao waligombana bombani kwa sababu ya ndoo. Mvua ikijizuia hivyo, siku ikija huja na mawe.

Na habari ya shoka ni hii. Kogo Chepkosgei alizaliwa katika ukoo wa Toiyoi. Kwa Wakipsigis kila ukoo una kitu chake: wengine wana simba, wengine ndovu. Watu wa Toiyoi wana radi. Radi ikizidi, mtu wa Toiyoi huchukua shoka, hulipaka jivu la mekoni, hulirusha nje ya mlango na kuiambia radi inyamaze, hapa ni kwao. Kogo alifundishwa hivyo na baba yake akiwa msichana, akaolewa nayo hapo Merigi, akazeeka nayo. Ubatizo ulimkuta nayo, na hakuona ugomvi wowote kati ya shoka na Yesu.

Kimeli ndiye aliyeuona. Baada ya kufanywa mzee wa kanisa, siku moja mchungaji alikuwa sebuleni anakunywa chai, radi ikapiga, na shoka likapita mbele ya dirisha. Mchungaji hakusema neno. Lakini chai aliiacha nusu, na kwa Kimeli hilo lilikuwa baya kuliko mahubiri. Akamwomba mama yake aache. Kogo, ambaye hakuna kitu duniani alichokipenda kama huyu mwanawe, hata alipokuwa mjinga, aliacha. Tangu hapo radi ikipiga hukaa ameficha mikono kwapani, kama mtu anayezuia watoto watundu.

"Hawa wageni ni watu wa kanisa," Kimeli aliendelea. "Baba yake kijana ni shemasi huko Mulot. Watafikiria sisi ni watu gani?"

"Nimesikia."

"Na mama, lile neno lako..."

"Nimesikia, Kimeli. Toka mlangoni, unaniwekea giza."

*

Neno hilo ndilo lililomnyima Chepngetich usingizi. Chepngetich alikuwa binti wa pekee wa Kimeli, mwalimu wa chekechea, na leo wazazi wa mchumba wake Wachira walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza kubisha hodi. Baba yake hakuwa na neno baya juu ya kijana. Lakini alikuwa ameapa mbele ya wajomba kwamba hatamtoa binti bila baraka ya mama yake, na mama yake alikuwa amekataa kusema ndiyo au hapana. Kogo asiposema, wageni wangekula, wangeshukuru, wangerudi Mulot, na mambo yangeishia hapo.

Chepngetich aliingia jikoni akachukua kisu, akaanza kumenya pamoja na nyanya yake.

"Hawa watu wa Wachira," Kogo akasema baada ya kiazi cha pili, "ukoo wao una nini?"

"Kogo, Wakikuyu hawana hiyo maneno ya wanyama."

"Kila watu wana kitu chao. Sisi tuko na radi. Wao wako na nini?"

"Wako na hardware."

Kogo alicheka kabla hajajizuia, kisha akakunja uso haraka kama mtu aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Hata hii mabati iko juu yako ni ya kwao," Chepngetich akaongeza upesi, kwa sababu aliona moyo wa nyanya yake umefunguka kidogo. "Wachira ndiye alileta na pickup. Akapanda juu na fundi wakapiga misumari. Wewe mwenyewe ulimpa maziwa ya mursik, akamaliza kibuyu."

"Kijana hana shida. Kijana ako sawa. Lakini mtu haolewi na kijana, anaolewa na watu. Na hao watu siwajui."

"Na ukiwaona usiwapende?"

Kogo alimtazama mjukuu wake, yule ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kukamua ng'ombe na kumfunga vidonda vya magoti, na moyo ukamuuma kweli. Lakini hakuwa mwanamke wa kusema jambo asilolijua.

"Menya viazi," akasema.

*

Huko Mulot, joto lilikuwa baya zaidi. Nganga, baba yake Wachira, alikuwa tayari ndani ya gari, madirisha yote wazi, akipiga honi kwa upole. Mkewe Priscillah alikuwa bado chumbani, amevaa gauni jipya na viatu vyeupe, amekaa kitandani.

"Mama Wachira, tutachelewa."

"Nakuja."

Hakuja. Nganga akashuka, akaingia, akakaa kando yake. Alijua kinachomshika. Walikuwa wamekaa Mulot zaidi ya miaka thelathini. Mwaka ule wa vurugu za kura duka lao lilichomwa, na hawakuwahi kujua nani aliwasha kiberiti. Watu walipita njiani na mapanga na mashoka, na Priscillah alilala katika shamba la mahindi, Wachira akiwa mtoto mdogo mgongoni. Aliyewatoa pale alikuwa jirani Mkipsigis, na mke wa jirani huyo aliwaletea maziwa mpaka walipoondoka kwenda kambini. Priscillah aliyakumbuka yote mawili, mashoka na maziwa. Shida ni kwamba mashoka yalikuja yenyewe bila kuitwa, na maziwa ilibidi ayakumbuke kwa makusudi.

"Mimi sikatai msichana," akasema. "Msichana ni mzuri. Ni vile tu naenda kukaa kwa nyumba ya watu, na sijui wananionaje."

"Watakuona vile uko. Na hizo viatu, Mama Wachira. Merigi kuna udongo."

"Kumekauka," Priscillah akasema. "Hakujanyesha tangu Krismasi."

*

Cherotich, mke wa Kimeli, ndiye aliyetaka hema. Kimeli alimuuliza hema la nini na wageni ni watatu, naye akajibu kwamba watu wakikuja kuomba mtoto wako waone ulijua wanakuja. Kwa hiyo hema la buluu na nyeupe lilisimama uani, na chini yake viti vya kuazima, na meza yenye vitambaa alivyofuma kwa mkono wake mwenyewe. Kufikia saa nane joto ndani ya hema lilikuwa la kuokea mkate. Maua yalikuwa yamelala. Cherotich alipepea sufuria kwa kanga, akatazama upande wa Mulot, na hakupenda alichokiona.

Wingu lilikuwa jeusi, na chini yake kulikuwa na ukanda wa kijani.

"Baba Chepngetich," akaita. "Hiyo si ya kupita."

Upepo ulifika kwanza. Uling'oa vigingi viwili, ukalijaza hema, ukalibeba lote na vitambaa vya Cherotich mpaka katikati ya chai, likaning'inia huko kama nguo ya mtu mnene. Hakuna aliyecheka. Kisha matone mazito, moja hapa, moja pale, na harufu ile ya vumbi lililolowa ambayo siku nyingine ingewafurahisha wote. Kisha radi.

Wote wanne walikimbilia jiko la Kogo kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Chepngetich alishika simu sikioni.

"Wachira? Mko wapi? ... Gari? ... Wachira!" Akaitazama simu. "Imekatika. Amesema gari imekwama pale chini kwa daraja, wanapanda kwa miguu."

Kimeli alichungulia mlangoni. Bonde lilikuwa bado linaonekana kidogo. Kutoka kijitoni, barabara ya udongo mwekundu ilipanda kwenye mteremko usio na nyumba wala kichaka, na mahali pekee pa kujikinga palikuwa chini ya mikaratusi mitatu. Huko ndiko watu watatu walikuwa wanakimbilia, mmoja amevaa viatu vyeupe.

"Hapana," Cherotich akasema. "Si hapo. Si hapo, jameni."

Chini ya mikaratusi hiyo, mwaka uliopita, radi iliua ng'ombe wawili wa jirani kwa pigo moja.

Kimeli akatoka hadi barazani akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka, akapunga koti la suti. Radi ilimfunika. Chepngetich alitaka kutoka mbio, mama yake akamkamata kiuno kwa mikono yote miwili, wakavutana hapo kama watu wanaopigana. Ndipo mawe yakaanza. Yalianguka juu ya mabati kwa kishindo kilichowafanya waone midomo ya wenzao ikisogea bila kusikia kitu. Bonde likafutika. Mikaratusi ikafutika, na watu watatu pamoja nayo.

Kogo alikuwa amekaa kigodani kando ya meko, mikono kwapani. Radi ilipiga tena, karibu kabisa, na sufuria zikalia ukutani. Akainuka. Akamfuata mwanawe, akamwinamisha kwa kumvuta tai, akasema sikioni mwake:

"Nipe shoka."

Kimeli alimtazama. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mzee wa kanisa, na alikuwa ameloa kama kifaranga. Aliwaza juu ya mchungaji na kikombe chake cha chai. Halafu aliwaza juu ya watu watatu waliovaa nguo mpya kuja mlangoni kwake. Alikwenda mwenyewe nyuma ya kuni alikolificha shoka asubuhi ile, akalileta, akaliweka mikononi mwa mama yake.

Kogo alichota jivu kwa kiganja akalipaka shoka uso mmoja, akageuza, akapaka wa pili. Akasimama mlangoni. Mwanamke mwembamba, mgongo umepinda, lakini sauti iliyotoka ilipenya mawe yale na mabati yale, na wote watatu waliisikia. Alisema kwa Kikipsigis. Kisha akarusha.

Shoka lilipoondoka mkononi mwake, watu watatu walijitokeza kutoka katika ile mvua nyeupe, ndani ya uwanja, vichwa vimefunikwa kwa blanketi la zawadi.

"Mama!" Kimeli akapiga kelele, lakini nani arudishe shoka likiwa hewani?

Lilianguka kwenye tope, hatua moja kutoka kwa viatu vya Nganga, likamrushia matope mpaka kwenye shati.

*

Priscillah hakukubali kwenda zaidi ya mlango. Alisimama kizingitini akitetemeka, kiatu kimoja cheupe mguuni, kingine kimebaki njiani. Yeye ndiye aliyekataa kukaa chini ya mikaratusi. Alisema afadhali apigwe na mawe akitembea kuliko kungoja. Sasa alimshika mumewe mkono.

"Baba Wachira, turudi."

"Mama, tafadhali..." Wachira akaanza.

"Wewe nyamaza. Tumekuja na blanketi, tumerushiwa shoka. Unataka waseme aje ndio usikie?"

Chepngetich alikaa juu ya gunia la makaa na gauni lake jipya akaanza kulia waziwazi. Cherotich alimtazama mumewe: wewe ndiye mwanamume, sema. Na Kimeli, ambaye angeweza kusema ukweli, aliona mbele yake shemasi wa kanisa, akaogopa.

"Pole sana," akasema. "Hiyo ilikuwa... mama alikuwa anapasua kuni."

Hata mawe yalionekana kupunguza kishindo ili yasikie vizuri.

"Kuni," Priscillah akasema. "Kwa hii mvua. Kuni iko wapi?"

Kimeli alilegeza tai iliyolowa. Aibu ilimshika mpaka masikio. Mama yake alimwonea huruma, lakini hakumsaidia. Mtu aliyejitengenezea uongo na aubebe kidogo.

Nganga aliuachia mkono wa mkewe. Alirudi uwanjani, mawe yakimgonga mabegani, akaliinua shoka, akaja nalo ndani. Priscillah alisogea pembeni. Nganga aliliweka karibu na moto akalitazama kama alivyotazama kila chombo kilichoingia dukani kwake. Mpini ulikuwa umelegea. Kwenye chuma, jivu lilikuwa bado limeshika mahali ambapo tope halikufika. Akalipangusa kwa kidole, akamgeukia Kogo, akamwambia kwa Kikipsigis cha sokoni, chenye lafudhi ya kwao lakini kilichonyooka:

"Kogo, wewe ni Toiyoi?"

Kogo alishtuka. Akaitikia kwa kichwa.

"Ulisema nini ukirusha?"

Kogo alimjibu. Maneno hayakuwa mengi. Nganga aliinamisha kichwa, na alipomgeukia mkewe macho yake yalikuwa yamelowa, na haikuwa mvua.

"Mama Wachira, hii shoka haikuwa yetu. Ilikuwa ya radi. Hawa watu wa ukoo wake ndio hukanya radi. Amesema hivi: 'Nyamaza. Hapa ni kwetu. Na hao wako njiani ni watu wangu, usiwaguse.'"

"Amesema sisi?"

"Sisi."

"Hata hajatuona?"

"Hata hajatuona."

Priscillah alimtazama yule bibi, jivu likiwa bado viganjani mwake. Akavuka kizingiti, akakaa juu ya gunia, kando ya Chepngetich, na yule binti akiwa bado analia alimshika mkono bila kuuliza ruhusa. Kogo alikwenda kwenye kona akarudi na gambuti zake mwenyewe, akapiga magoti kwa shida mbele ya Priscillah, akamvua kile kiatu kimoja.

"Mama, acha, nitafanya mwenyewe!"

"Tulia. Miguu iko baridi."

"Na mimi nimedanganya," Kimeli akasema ghafla, kwa sauti ya kanisani. "Shemasi, nisamehe. Niliona haya."

"Haya ya nini?" Nganga alikuwa tayari ameokota kipande cha kuni na anachonga kabari ya kukaza ule mpini. "Sisi pia tuko na maneno yetu. Sisi ni ukoo wa Ethaga. Zamani wazee walikuwa wakisema ukoo wetu ndio huita mvua."

Kogo, bado magotini, aligeuza shingo polepole.

"Nyinyi ni watu wa mvua?"

"Ndivyo walikuwa wanasema."

"Kumbe! Mnaniletea mvua mpaka kwa mlango, halafu mnashangaa nikitoa shoka?"

Kicheko kilianza kwa Cherotich, ambaye alikihitaji zaidi kuliko wote, kikamchukua Wachira, kikamchukua Kimeli na suti yake iliyoharibika, na mwisho kabisa kikamfikia Priscillah, akacheka mpaka akajishika mbavu.

*

Walikula humo humo jikoni, sahani magotini, kwa sababu hema lilikuwa kwenye chai na sebule ilikuwa imeingia maji. Cherotich aliomba msamaha kwa kila kitu, kuanzia chumvi hadi moshi, na kila alipoomba, Priscillah alijiongezea viazi. Nje mawe yalianza kuyeyuka. Kimeli alitoka mara moja kutazama shamba: mistari yote ilikuwa imebaki vijiti, na majani yamelala chini, kijani juu ya nyeupe. Alirudi ndani akasema itaota. Nganga alimsogezea chai.

Baada ya chakula Kimeli alijiweka sawa, akakohoa.

"Mama. Wageni wameleta ombi. Mimi niliahidi sitajibu bila wewe. Tunangojea neno lako."

Chepngetich aliweka sahani chini. Wachira alitazama mabati aliyoyapigilia mwenyewe.

"Neno gani lingine?" Kogo akasema. "Si nilisema? Tena kwa nguvu. Nani hapa hakusikia?"

Jua lilikuwa limeanza kuchungulia wakati wageni walipoinuka. Ndipo ngurumo ikasikika tena, nzito, na safari hii ilitoka upande wa Mulot, kule kule wanakokwenda. Kogo alimtazama mwanawe. Kimeli alitazama viatu vyake. Kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aseme, kwa adabu.

Priscillah ndiye aliyejongea mekoni, gambuti za Kogo zikimpwaya miguuni. Aliinama, akashughulika huko kwa muda, akarudi ameshika shoka kwa mikono miwili. Alikuwa amelipaka jivu kupita kiasi, chuma chote na nusu ya mpini, na gauni lake jipya vilevile.

"Mama," akamuuliza Kogo, "ni hivi?"

Kogo alipangusa mpini kwa pindo la shuka yake. Kimeli, mzee wa kanisa, akaenda kufungua mlango.

"Ni hivyo," Kogo akasema. "Sasa watu watoke mlangoni."